Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Ushirika: Maarifa Yasizikwe na Wenyewe

Kwa Waheshimiwa Wenyeviti, Wajumbe wa Bodi, Mameneja na Makatibu wa Vyama vya Msingi na Vyama Vikuu vya Ushirika wa Mazao nchini Tanzania.

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima nawaandikia waraka huu mbele ya umma, si kwa kuwa nina kesi ya kushitaki wala hesabu ya kudai, bali kwa kuwa jambo ninalotaka kulinena ni la wanachama wote, na jambo la wote likinenwa faraghani aghalabu huishia faraghani. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya maradhi ya ushirika wetu: madeni, mizani ya hila, pembejeo zinazofika baada ya mvua, malipo yanayochelewa hata mkulima akauza kahawa yake ingali mtini kwa bei ya kutupa. Hayo yana wasemaji wake, na wakaguzi wake, na mahakama zake. Nia yangu ni kusema juu ya hasara isiyoandikwa katika daftari lolote, wala mkaguzi haioni, kwa sababu haina safu katika mizania. Nayo ni hasara ya maarifa, yaani lile alijualo mtu mmoja na chama kisilijue, na lile alionalo mtu mmoja kabla halijafika na chama kisimsikilize.

Katika chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja jina, palikuwa na karani wa ghala aliyepokea kahawa za wanachama tangu nywele zake zikiwa nyeusi hata zikawa nyeupe. Mnajua kuwa kahawa iliyomenywa na kuoshwa haifai kuingia ghalani unyevu wake ukizidi asilimia 12, kwani ikilala mbichi hushikwa na ukungu, ladha yake ikaharibika, na mwonjaji wa mnadani hahitaji kuambiwa. Kipimo cha mashine kilikuwapo, nacho kilikuwa kikiharibika kila mara. Lakini yule mzee alitia mkono katika gunia mpaka kiwikoni, akatoa punje chache, akauma moja, akaisikiliza inavyovunjika, kisha akasema, hii irudi kwenye kichanja siku mbili. Fauka ya hayo alijua kona gani ya ghala huvuja wakati wa masika, mkulima gani huanika juu ya ardhi tupu akisingizia uhaba wa wavu, na gunia gani lisiegemezwe ukutani. Siku aliyostaafu alipewa mabati, picha ikapigwa, mwenyekiti akahutubu juu ya uaminifu wake. Na katika hotuba zote zile hapakuwa na mtu aliyemketisha chini na kijana mwenye daftari amwulize: Mzee, katika kazi hii unajua nini tusichokijua sisi? Msimu uliofuata kahawa ikapokewa mbichi, ikaota ukungu, ikashushwa daraja, na wanachama wakakutana kulaumu bei ya dunia.

Nasema hivi bila ya kumlaumu karani, na bila ya kumlaumu sana kijana aliyekuja nyuma yake, ambaye alikabidhiwa funguo na kitabu cha stakabadhi akaambiwa hiyo ndiyo kazi. Lawama, ikiwa lazima iwe na mahali pa kukaa, ikae juu ya desturi yetu ya kudhani kwamba chama ni jengo, muhuri, gari na akaunti ya benki, ilhali hayo yote ni vyombo tu, na kinachovifanya vitende kazi ni fahamu za watu ambao hatujapata kuzihesabu.

Waasisi wa ushirika hawakuwa na dhana hiyo. Wale watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao katika mtaa wa Toad Lane tarehe 21 Disemba, 1844, walianza na bidhaa za kuchekesha kwa uchache wake: unga wa ngano, unga wa shayiri, siagi, sukari na mishumaa. Lakini mafukara hao, baada ya muda si mrefu, waliweka kaida kwamba katika kila ziada ya biashara yao asilimia 2.5 itengwe kwa ajili ya elimu, na ghorofani juu ya duka wakaweka maktaba na chumba cha kusomea magazeti. Fikirini, waheshimiwa: watu ambao jana yake walikosa mkate, leo wanakata katika faida yao kidogo kununua vitabu. Kaida hiyo ndiyo iliyozaa kanuni ya tano katika zile kanuni saba za ushirika zilizotangazwa Manchester mwaka 1995, inayohusu elimu, mafunzo na habari. Kanuni ambayo vyama vingi vyetu vimeibandika ukutani ndani ya fremu, na fremu yenyewe ni nzuri.

Wala hatuna haja ya kwenda Uingereza kutafuta ushahidi. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro, miongoni mwao Joseph Merinyo, walipounda chama cha wapanda kahawa wenyeji, walikuwa wamezungukwa na walowezi ambao hawakupenda kumwona Mwafrika akilima arabika, na ambao hoja yao kubwa ilikuwa kwamba mashamba ya Wachaga yatakuwa makao ya wadudu na maradhi yatakayovuka mipaka na kuharibu mashamba ya wengine. Wakulima wale wangeweza kujibu kwa matusi, na matusi yangekuwa halali. Lakini walijibu kwa maarifa. Wakanunua pamoja dawa na vyombo vya kunyunyizia, wakafundishana kuihudumia mikahawa, aliyejua akamwonyesha jirani asiyejua, kwa sababu walitambua kuwa mdudu aliye katika kihamba cha jirani kesho yumo katika kihamba chako. Juu ya msingi huo ndipo kikasimama, mwaka 1933, chama kikuu cha KNCU. Kwa hiyo ushirika wa mlima ule, kabla haujawa chama cha kuuza kahawa, ulikuwa chama cha kugawana ujuzi. Biashara ilifuata nyuma.

Kisha tukaja kujifundisha kwa njia chungu thamani ya kitu kile tusichokiandika. Mwezi Mei 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, kazi zake zikagawanywa baina ya vijiji na mamlaka za mazao. Na sheria ya mwaka 1982 ikavirejesha. Wapo wanaobishana mpaka leo kama kuvifuta kulikuwa kosa au dawa ya maovu yaliyokuwamo, na mimi sitaingia katika ubishi huo hapa. Nataka mtazame jambo moja tu: sheria iliweza kurudisha jina, na muhuri, na haki ya kununua mazao, haikuweza kurudisha yale yaliyokuwa vichwani mwa watu waliotawanyika katika miaka ile, ambao baadhi yao waliingia katika mamlaka, wengine wakashika biashara zao, na wengine wakashika majembe. Chama kinaweza kufutwa kwa waraka na kufufuliwa kwa waraka. Ujuzi ukipotea haurudi kwa waraka, sharti uanzwe upya, na gharama yake hulipwa na mkulima katika kilo zake.

Nimesema maarifa, na sasa niseme basira, yaani kule kuona mbali, kwa kuwa mambo haya mawili ni ndugu. Watu wengi hudhani kuona mbali ni kipaji cha walii au cha mnajimu, kimshukiacho mtu bila ya sababu. Sivyo, na kisa kimoja kinatosha kuonyesha. Katika kijiji cha Fudai, pwani ya kaskazini mashariki ya Japani, alikuwako mkuu wa kijiji aliyeitwa Kotoku Wamura, aliyeshika kazi hiyo kwa miaka arobaini tangu 1947. Bwana huyu alishikilia kwamba kijiji kijengewe ukuta na lango la kuzuia mawimbi ya bahari, kimo chake mita 15.5, na watu wakamwona mpotevu wa mali, wakiuliza kwa nini ujenzi uwe mkubwa namna ile kwa kijiji cha wavuvi. Lango lilikamilika mwaka 1984. Yeye akafariki mwaka 1997, na bahari ilikuwa shwari. Tarehe 11 Machi, 2011, lilipokuja wimbi lile lililofagia miji ya pwani ile na kuua maelfu ya watu, kijiji cha Fudai kilisalimika nyuma ya lango lake, na wanakijiji wakaenda kaburini kwake kumshukuru.

Je, Wamura aliota? La. Kijiji chake kilipigwa na bahari mwaka 1896, kikapigwa tena mwaka 1933, na yeye wimbi la pili alilishuhudia kwa macho yake. Kimo cha lango hakukitoa hewani, alikitoa katika habari za wazee juu ya kimo cha maji ya 1896. Wengine walizijua habari zilezile wakazihesabu kuwa hadithi za kale. Yeye alizihesabu kuwa vipimo. Kwa hiyo mtu aonaye mbele aghalabu ni mtu aliyetunza habari za nyuma, na chama kisichotunza habari zake hakiwezi kupata mwenye basira hata kikimtangazia kazi gazetini.

Lakini Wamura alikuwa na bahati ya kuwa mkuu. Alipoona, aliweza kuamuru. Basira nyingi katika vyama vyetu zimo kwa watu wasioamuru kitu: mpima mizani, dereva wa lori, mama anayechambua kahawa, mkulima ambaye ndiye wa kwanza kuona chule buni katika tunda kabla bwana shamba hajapata mafuta ya pikipiki. Basira ya mtu asiye na amri inahitaji njia ya kupandia, na njia ikikosekana hufia palepale ilipozaliwa. Marekani, taifa lenye utajiri na wataalamu wa kila fani, lilionjeshwa jambo hili mwaka 1986. Katika kampuni iliyotengeneza roketi za kusukuma chombo cha anga cha Challenger alikuwamo mhandisi, Roger Boisjoly, ambaye mwezi Julai 1985 aliwaandikia wakubwa wake kwamba pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi zile zina kasoro, na kwamba zisiposhughulikiwa msiba mkubwa utatokea. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari, 1986, baridi ikiwa kali, yeye na wenzake walipinga chombo kisirushwe, wakaeleza sababu, wakaonyesha takwimu. Wakubwa wa kampuni wakageuza shauri hilo, chombo kikarushwa, na baada ya sekunde 73 kikapasuka na watu saba waliokuwamo wakafa. Tume iliyochunguza ajali ile ilikuta jambo ambalo kwangu mimi linatisha kuliko kasoro ya pete: waliotoa idhini ya mwisho ya kurusha chombo hawakuwa na habari kwamba wahandisi walikuwa wamepinga. Ujuzi ulikuwapo, umeandikwa, una tarehe na sahihi ya mwenyewe, lakini ulikwama katikati ya ngazi.

Ni ngazi ngapi baina ya mpima mizani wenu na meza ya bodi, na katika kila ngazi ameketi nani, na ana sababu gani ya kupitisha au kuzuia habari mbaya? Habari njema hupanda yenyewe. Habari mbaya humhitaji mtu wa kuibeba, na katika baadhi ya vyama nivijuavyo anayeibeba huitwa mchochezi, huhamishiwa kituo cha mbali, ama huambiwa kwa upole kwamba yeye si msemaji. Akifanyiwa hivyo mmoja, mia hunyamaza. Kisha mkutano mkuu unapokaa, mwenyekiti husifu utulivu wa watumishi.

Haki inataka nitazame upande wa pili pia, kwani si viongozi peke yao wanaofunga mlango. Wako watumishi wanaoficha ujuzi kwa makusudi, kwa hofu kwamba siku watakapoufundisha watakuwa hawana thamani, na hofu yao si ya kipuuzi: wameona wenzao wakimfundisha kijana kazi leo na kuachishwa kesho kwa kuwa mshahara wa kijana ni mdogo. Watu wa bahari yetu waliijua husuda ya namna hii, maana siri za nyota na mikondo zilikuwa riziki ya rubani. Hata hivyo Ahmad bin Majid wa Julfar, Ghuba ya Uajemi, ambaye baba yake na babu yake walikuwa marubani kabla yake, aliandika yote aliyoyarithi na aliyoyapima mwenyewe, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1490 na katika tenzi nyingi, mmoja ukieleza safari za upande wetu mpaka Sofala. Na pale alipoona baba yake amekosea, alisahihisha. (Kile kisa kinachovuma kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi wataalamu wengi wamekikataa, na ni dhuluma kwamba mtu mwenye vitabu vyote vile anakumbukwa kwa safari ambayo hakuifanya.) Hakupungua thamani kwa kuandika, marubani walioficha hatuwajui hata majina. Bali ili mtu awe na moyo wa kutoa, sharti chama kimhakikishie mambo mawili: kwamba hatafukuzwa kwa sababu ametoa, na kwamba alichokitoa kitabaki na jina lake.

Najua jawabu litakalotoka katika baadhi ya ofisi. Litasema, tunao mfumo wa MUVU, kumbukumbu zote zimo katika kompyuta. Mfumo ule ni jambo jema na sina neno baya juu yake. Lakini utawaambia ni kilo ngapi zilipokewa, hautawaambia kwa nini yule mzee alirudisha gunia la pili akapokea la tatu. Jawabu jingine litasema kwamba tukifungua mlango kila karani atakuwa nabii, na bodi itashinda kutwa ikisikiliza ndoto. Hoja hii ina uzito kuliko ya kwanza, kwa kuwa ni kweli maonyo mengi huwa bure, na mwenye kuona mbali na mwenye wasiwasi hufanana sana mpaka siku ya tukio.

Tofauti yao hujulikana kwa kupima. Mwaka 1963 mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, jina lake Erasto Mpemba, aliona kwamba maziwa ya askirimu aliyoyatia katika jokofu yangali ya moto yaliganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa bila ya kuchemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lilelile Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuhutubu. Na Osborne, ambaye naye hakuamini, alifanya jambo moja dogo ambalo mwalimu wa kwanza hakulifanya: alirudi chuoni akaagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na mpaka leo wanasayansi wa dunia wanabishana juu ya sababu yake, na wengine hata juu ya ukweli wake, wakiliita kwa jina la Mpemba. Osborne hakumtii mwanafunzi yule, wala hakutakiwa kumtii. Alimsikiliza, kisha akapima. Ninachoomba kwa ajili ya makarani na wakulima hakizidi hapo.

Basi ombi langu ni dogo na gharama yake ni ndogo kuliko posho ya kikao kimoja. Kila mtumishi anayekaribia kustaafu, katika miezi yake ya mwisho, apewe mtu wa kufuatana naye kazini, na yale ayasemayo yaandikwe kwa Kiswahili cha kazi, si kwa lugha ya ripoti, katika daftari litakalokaa pale kazi inapofanyika na si katika kabati la meneja. Na kila jambo liandikwe na jina la aliyelifundisha. Kila onyo litakalotolewa na mtumishi au mwanachama liingizwe katika muhtasari wa kikao kinachofuata cha bodi, pamoja na jibu: limepimwa likaonekana hivi, au halikupimwa kwa sababu hii. Likikataliwa, likataliwe kwa maandishi, ili ijulikane nani alikataa nini. Naamini wino huo peke yake utapunguza ukataaji wa haraka. Na msimu ukiisha, kabla ya hesabu kufungwa, wapokeaji wa vituo vyote wakutanishwe kutwa moja, bila ya mgeni rasmi, waambiane kilichoharibika na kilichofaa, chakula kikitolewa na chama. Chuo Kikuu cha Ushirika kiko hapahapa Moshi, na baba yake, kile chuo cha ushirika, kilianzishwa mwaka 1963. Vyama vikikiomba kisaidie namna ya kuandika na kutunza madaftari haya, sioni kwa nini kikatae.

Mkutano mkuu wa kila chama hukaa kila mwaka kwa sheria, na wanachama wana haki ya kupeleka ajenda. Mimi nimekwisha kupeleka yangu katika chama changu cha msingi, yenye mambo hayo niliyoyataja na si zaidi. Nawaomba nanyi, waheshimiwa, msingoje wanachama wenu wawapelekee, bali muiweke wenyewe. Na nawasihi wanachama wanaosoma waraka huu wasimame mkutanoni waulize, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika, ni mtumishi gani anastaafu mwaka huu, na nani anamfuata akiandika.

Wasalaam,

Mwanachama wa chama cha msingi,
Kilimanjaro